Rangi za ls: Nimeziona, na Siwezi Kunyamaza

Kabla sijaeleza lolote, fanya hivi: fungua terminali ya Ubuntu, andika `ls /`, bonyeza Enter, halafu utazame. Usisome majina kwanza. Tazama rangi! `home` ni buluu iliyokoza, `etc` buluu, `usr` buluu. `bin` na `lib` zina samawati inayong'aa. Na kule karibu na mwisho kuna `tmp`, herufi nyeusi juu ya kipande cha kijani, imejitenga na wenzake wote. Hakuna picha hata moja, kipanya hakijaguswa, na tayari mashine imekuambia zipi ni folda, vipi ni viungo vinavyokupeleka mahali pengine, na upi ni uwanja wa wote ambamo kila mtumiaji anaruhusiwa kuweka chake.

Niko Chewele, wadi ya eneo bunge la Bura katika kaunti ya Tana River. Laptopu yangu ni ya mtumba, na Ubuntu 24.04 imeingia mahali pa Windows iliyokuwa imeanza kuilemea. Nilikuwa nimepanga kuandika kuhusu kasi, betri, na jinsi mashine kuukuu inavyopata uhai mpya. Yote hayo yatangoja. Rangi hizi zimeniteka, na sielewi kwa nini watu wa Linux hawazipigii kelele sokoni!

Jambo la kwanza linalonifurahisha ni kwamba hazili bando. Huku intaneti hununuliwa kwa vipimo, na programu nyingi za siku hizi haziwezi hata kufunguka bila kwanza kuwasiliana na mtambo fulani ulio mbali. Rangi za `ls` zimo ndani ya mashine. Maelezo yake nayo yamo humo humo: andika `man ls` au `man dircolors`, usome hadi usinzie, na hakuna shilingi inayokatwa.

Na hapo hapo penye bando ndipo nilipoona kitu kilichonifanya nipige makofi peke yangu. Nenda kwenye folda ya vitu ulivyopakua, ile iliyojaa kama soko la mnada, uandike `ls`. Utaona majina ya kijivu, yamefifia, kama yanataka kujificha. Hayo ni mabaki! Faili yenye mwisho wa `.crdownload` ni ile ambayo kivinjari cha Chrome kilianza kuipakua kikakatika njiani. Ile ya `.part` ni ya Firefox, hali ni ile ile. Faili za `.bak`, `.tmp`, `.old`, na zile zenye alama ya `~` mwishoni, nazo ni kijivu. Mtu fulani aliketi akafikiri: faili ambayo haijakamilika isipewe sauti sawa na iliyokamilika. Kwa anayejua uchungu wa bando kuisha kabla faili haijafika mwisho, hilo ni jambo la utu kabisa. Jicho linaona kijivu, mkono unajua pa kufagia.

Kwenye folda hiyo hiyo rangi nyingine zinapangana zenyewe. Faili zilizofungashwa pamoja, yaani `.zip`, `.rar`, `.tar`, `.7z`, na pia `.deb` za kusakinishia programu, ni nyekundu nzito. Picha na video, kuanzia `.jpg` na `.png` hadi `.mp4`, ni zambarau nzito. Sauti ni samawati nyembamba isiyokozwa: `.mp3`, `.m4a`, `.wav`, hata `.opus`, ambayo ndiyo aina inayotumiwa na WhatsApp kwa jumbe za sauti. Nilihamisha kutoka kwenye simu picha za mafuriko ya Novemba 2023, Mto Tana ulipovuka kingo zake, pamoja na jumbe za sauti za siku zile za kuulizana nani amehama na nani amebaki. Zote zilikuwa rundo moja. `ls` ilipozionyesha, zambarau na samawati zilikuwa zimechanganyika kwenye skrini waziwazi hivi kwamba nilijua sauti ni zipi na picha ni zipi kabla sijasoma jina hata moja. Na majina ya WhatsApp, tuseme ukweli, hayasomeki!

Sasa tuje kwenye kijani.

Kijani kizito maana yake ni kwamba faili ina ruhusa ya kuendeshwa. Ni programu, au imeambiwa iwe programu. Jaribu hili mwenyewe, kwa sababu kusoma tu hakutoshi. Andika amri chache ndani ya faili uiite `hesabu.sh`. Andika `ls`: jina liko pale, halina rangi, kama barua ya kawaida. Sasa andika `chmod +x hesabu.sh`, kisha `ls` tena. Kijani! Jina ni lile lile, yaliyomo ni yale yale, herufi haijaongezeka wala kupungua. Kilichobadilika ni ruhusa, kitu kisichoonekana kwa macho kwenye kompyuta nyingine yoyote niliyowahi kuitumia, na hapa kimeonekana papo hapo. Nimewaonyesha vijana hili, na kila mmoja ametaka kulirudia kwa vidole vyake: `chmod -x`, rangi inaondoka, `chmod +x`, rangi inarudi. Somo la ruhusa za faili, ambalo vitabu hulieleza kwa majedwali ya herufi r, w na x, limeingia bila kusukumwa.

Na kijani hicho kina nguvu kuliko mwisho wa jina. Ipe picha ya `.jpg` ruhusa ya kuendeshwa, uone: zambarau inatoweka, kijani kinashika. `ls` huangalia kwanza faili ni ya aina gani na ina ruhusa gani, na ni pale tu inapokuta faili ya kawaida isiyo na jambo la pekee ndipo inapogeukia mwisho wa jina. Huo ni mpangilio wa busara. Uwezo wa kitu unatangulizwa mbele ya jina lake.

Hii inanileta kwenye flashi, na hapa nawaomba wenye saiba na walimu wa kompyuta wanisikilize vizuri. Flashi huzunguka: kutoka shule hadi ofisi, kutoka ofisi hadi saiba ya Bura, hadi Hola, na kurudi. Njiani huokota virusi. Hila yao ya zamani ni kuweka programu yenye mwisho wa `.exe` iliyovikwa picha ya folda, na kuificha folda halisi. Windows kwa kawaida huficha miisho ya majina, kwa hiyo mtumiaji haoni `.exe`, anaona folda, anabofya, na kwisha kazi. Sasa chomeka flashi hiyo kwenye Ubuntu. Ikiwa ni ya mfumo wa FAT32, ambao flashi nyingi ndogo huja nao, Ubuntu huipachika kwa namna ambayo faili zenye mwisho wa `.exe`, `.com` na `.bat` ndizo pekee zinazopewa ruhusa ya kuendeshwa. Andika `ls`. Folda halisi inatokea kwa buluu, hata ile iliyofichwa, kwa maana `ls` haijali alama ya kufichwa ya Windows. Na ile folda ya uongo inang'aa kwa kijani, na `.exe` yake nje nje! Jamani, nilisimama kwenye kiti. Hakuna programu ya kuzuia virusi iliyonunuliwa wala kusasishwa. Ni orodha ya majina tu, iliyotiwa rangi kwa uaminifu.

Flashi ya exFAT, na diski kubwa ya nje ya NTFS, hutenda tofauti. Mifumo hiyo haitunzi ruhusa kwa mtindo wa Linux, kwa hiyo kila faili hupewa ruhusa kwa jumla, na matokeo yake kila kitu ni kijani, kuanzia barua za shule hadi picha za arusi. Kwenye NTFS mara nyingi hata folda hubadilika: herufi za buluu juu ya kijani. Mchanganyiko huo maana yake ni kwamba folda iko wazi kwa yeyote kuandika ndani yake, na haina ule ulinzi wa `tmp` unaomzuia mtumiaji mmoja kufuta cha mwenzake. Taarifa ni ya kweli. Ila buluu juu ya kijani inaumiza macho, na hilo nitalirudia.

Kipenzi changu kati ya zote, kama ni lazima nichague, ni samawati nzito ya viungo. Kiungo ni jina lisilobeba kitu ndani yake. Linaelekeza tu kwenye faili au folda iliyo mahali pengine. Nina folda ya picha kwenye flashi, na nimeiwekea kiungo kwenye laptopu kwa `ln -s`. Flashi ikiwa imechomekwa, kiungo ni samawati, kimetulia. Niliitoa flashi, nikaandika `ls`. Kiungo kimekuwa chekundu juu ya nyeusi! Kinaelekeza kwenye kitu ambacho hakipo tena, na `ls` imelisema hilo kwa rangi, bila ujumbe wa makosa, bila dirisha la kunirukia usoni. Nikarudisha flashi: samawati. Ni ukaguzi unaofanyika kila unapoorodhesha, bila kuombwa. Fikiria mtu mwenye viungo mia vya nyaraka za ofisi. Vilivyokatika vinajitangaza vyenyewe.

Bado hujachoka? Andika `ls -l /usr/bin/passwd`. Herufi nyeupe juu ya nyekundu! Hii ndiyo programu ya kubadilisha nywila, na rangi hiyo inasema kwamba yeyote anayeiendesha, inafanya kazi kwa mamlaka ya mwenye faili, ambaye hapa ni msimamizi mkuu wa mashine. Ni lazima iwe hivyo, kwa sababu mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kugusa faili inayotunza nywila. `sudo` nayo imevaa nyekundu hiyo. Tazama pia `/usr/bin/chage`: nyeusi juu ya manjano, maana yake inaendeshwa kwa mamlaka ya kundi fulani. Ukikuta nyeupe juu ya nyekundu ndani ya folda yako ya nyumbani, ambako hukuiweka, simama uulize. Kisha andika `ls /dev`, uone vifaa vya mashine, diski na terminali zenyewe, kwa manjano juu ya nyeusi, ukurasa mzima.

Tahadhari moja naisema kwa uzito. Rangi za picha, sauti na faili za kufungashwa hutokana na mwisho wa jina peke yake. `ls` haifungui faili kuangalia. Ukibadilisha jina la `picha.jpg` liwe `picha.txt`, zambarau inaondoka ingawa picha ni ile ile. Ukitaka kujua kilichomo kwa kweli, tumia amri ya `file`, ambayo husoma yaliyomo. Na kijani ni ruhusa. Hakisemi kwamba programu ni njema.

Sasa, haya yote yanafanyikaje? Nilidhani kuna mtambo mkubwa nyuma yake. La! Andika `ls --color=always | cat -v` utaona siri yote. Badala ya folda ya buluu utaona kitu kama `^[[01;34mPicha^[[0m`. Hiyo `01` ni kukoza, `34` ni buluu, na `0` ya mwisho ni kurudisha hali ya kawaida. Nambari 30 hadi 37 ni rangi za herufi, 40 hadi 47 ni rangi za mandharinyuma. Basi! Kwa hiyo `34;42` ni buluu juu ya kijani, na `37;41` ni nyeupe juu ya nyekundu. Utaratibu huu wa alama ulichapishwa kama kiwango cha ECMA-48 mwaka 1976, na Marekani ikawa na kiwango chake, ANSI X3.64, mwaka 1979. Alama hizi zilitungwa kabla wengi wetu hatujazaliwa, na leo zinatii kwenye laptopu ya mtumba Chewele bila kulalamika.

Ukishuka hadi mwisho wa `man ls` utakuta majina ya waandishi, Richard M. Stallman na David MacKenzie. Kwenye `man dircolors`, ile programu inayotengeneza orodha ya rangi, yupo H. Peter Anvin. Nawashukuru kwa dhati.

Kuna uungwana mwingine nisiouacha. Andika `alias ls`, na Ubuntu itakuonyesha kwamba `ls` yako kwa hakika ni `ls --color=auto`. Hilo `auto` lina akili: rangi hutolewa tu pale orodha inapokwenda kwenye skrini. Ukiandika `ls > orodha.txt` ili upate orodha ya kuchapisha, zile alama hazimo, na faili ni safi.

Kuna mambo matatu ninayotaka yabadilishwe, na nayasema kwa mapenzi. Kwanza, ile buluu ya folda. Kwenye mandharinyuma ya zambarau-nyeusi ya terminali ya Ubuntu imekoza mno. Ndani ya nyumba usiku utaisoma. Keti nje chini ya mwarobaini saa nane mchana, jua la Tana River likiwa limesimama, na folda zako zote zimetoweka! Pili, buluu juu ya kijani, ambayo nimeshaitaja. Tatu, na hili linanishangaza zaidi: PDF haina rangi. Wala `.docx`. Ofisi zetu na shule zetu zinaishi ndani ya aina hizo mbili, na `ls` inazipita kama hazipo.

Lakini sikiliza uzuri wa Linux: unarekebisha mwenyewe, sasa hivi, bila kumwomba mtu. Andika `dircolors -p > ~/.dircolors`. Umepata orodha nzima ya rangi katika faili ya maandishi ya kawaida. Ifungue kwa `nano`. Tafuta mstari wa `DIR 01;34`, ufanye `DIR 01;94`, buluu iliyochangamka. Mstari wa `OTHER_WRITABLE 34;42` uufanye `30;42`, nyeusi juu ya kijani, inasomeka vizuri; itafanana na `tmp`, lakini nyumbani kwako hilo halina madhara. Kisha ongeza mistari yako mwishoni: `.pdf 00;33` na `.docx 00;33`. Hifadhi, andika `source ~/.bashrc`, kisha `ls`. PDF zangu zote zikatoka na manjano iliyotulia, kumbukumbu za mikutano ya wakulima upande huu, risiti upande ule, na folda zikasomeka hata nje. Ubuntu imeshaandaliwa kuitafuta faili hiyo ya `.dircolors` kila unapofungua terminali, kwa hiyo hakuna kingine cha kufanya.

Wapo wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani, na hao wasiachwe. `ls -F` huongeza alama mwishoni mwa jina: `/` kwa folda, `*` kwa faili inayoendeshwa, `@` kwa kiungo. Rangi na alama zinaweza kutumika pamoja, na mimi nimeziacha zote zikiwa zimewashwa.

Maelezo ya `man` kwenye mashine yangu ni ya Kiingereza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilituletea Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, na natamani kazi kama ile ingefika hadi huku kwenye terminali. Mpaka ifike, rangi zinamhudumia hata yule asiyesoma Kiingereza vizuri. Mtoto wa darasa la sita ameelewa kiungo kilichokatika kwa kuona nyekundu.

Na usiseme huna laptopu! Android yenyewe imejengwa juu ya kiini cha Linux. Tafuta bando mara moja tu, weka programu ya Termux kwenye simu, kisha uendelee bila mtandao. Andika `mkdir shamba`, `touch mavuno.mp3`, `ln -s hakipo kiungo`, halafu `ls --color`. Folda, sauti, na kiungo kisicho na pa kwenda, vyote viko hapo kwenye kioo cha simu. Ukimaliza, tengeneza faili ya `.sh`, uipe `chmod +x`, uorodheshe tena, na umwite aliye karibu nawe aje aone.